UZI: Maumivu sugu ya kinena kwa wanamichezo: picha ipi iombwe, ipigweje, isomweje

#1 Picha_na_Mfupa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale wanaoomba picha za kinena, wanaozipiga na wanaozisoma. Fomu nyingi zinazofika idara ya radiolojia zina maneno mawili tu: "maumivu ya kinena". Chini yake imeandikwa "MRI ya nyonga". Ombi la namna hiyo huzaa ripoti ndefu yenye kasoro saba, na hakuna anayejua ipi kati ya hizo ndiyo inayomuumiza mchezaji.

Tuanzie hapa. Novemba 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana namna ya kuyapanga maumivu haya, na makubaliano yao yakachapishwa mwaka 2015. Waliyagawa hivi: yanayotokana na adakta (misuli ya ndani ya paja), na iliopsoasi (msuli unaokunja nyonga), na mfereji wa kinena, na mfupa wa kinena wenyewe kwenye simfisisi (kiungo cha mbele kinachounganisha mifupa miwili ya kinena). Nje ya hayo manne kuna yanayotoka kwenye kiungo cha nyonga, kisha sababu nyingine zote. Angalieni vizuri: makundi yale manne yanatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na mikono ya mpimaji. Picha haimo kwenye sharti. Majina kama "ngiri ya wanamichezo" waliyaacha, maana kila daktari alikuwa na maana yake.

Kwa hiyo kabla ya fomu kujazwa, mtu awe ameshika adakta longasi (mmoja wa misuli hiyo ya ndani ya paja) pale inapoota kwenye mfupa, amempa mchezaji abane ngumi katikati ya magoti, amekandamiza simfisisi, amejaribu kukunja nyonga dhidi ya mkono, na amezungusha nyonga ndani na nje huku imekunjwa. Dakika kumi zinatosha. Fomu nzuri inasomeka hivi:

"Mchezaji wa soka, miaka 23. Maumivu kinena cha kulia wiki 14, huanza akipiga mpira kwa ndani ya mguu. Adakta longasi inauma ikishikwa na ikibana. Nyonga inazunguka sawa pande zote. Je, kano imechanika kwenye mfupa? Je, uboho wa mfupa wa kinena umejaa maji, na kuna ufa?"

Ukiuliza hivyo, anayepiga anajua aelekeze mashine wapi na anayesoma anajua aanzie wapi.

#2 FizioPwani

Asante Daktari kwa kuanzisha uzi. Naongeza sababu ya kusisitiza mikono: picha za wachezaji wasioumwa kabisa zimejaa kasoro. Wanasoka wazima wanaocheza kila wiki hukutwa na uboho uliojaa maji kwenye mfupa wa kinena, kano ya adakta iliyobadilika, na kingo za simfisisi zilizolika. Kwenye nyonga hali ni hiyohiyo: utafiti uliochapishwa 2012 ulipiga MRI watu 45 wasio na maumivu yoyote ya nyonga, ukakuta labramu (ukingo laini unaozunguka kikombe cha nyonga) iliyochanika kwa asilimia 69.

Mchezaji akishaambiwa "labramu yako imechanika" hulisahau neno lolote jingine. Anaanza kutafuta mpasuaji wakati tatizo liko kwenye adakta ambayo mazoezi yangeiponya. Mtafiti Hölmich na wenzake waliliona hilo zamani: katika utafiti wao wa 1999 wanamichezo waliofanya mazoezi ya kuimarisha walirudi uwanjani bila maumivu kwa asilimia 79, dhidi ya 14 kwa waliopewa tiba za kupokea tu, kama kukandwa na umeme. Hakuna aliyesubiri picha inyooke kwanza.

#3 DaktariWaTimu

Wakuu, nauliza la msingi. Timu nyingi za madaraja ya chini zina uwezo wa eksirei na altrasaundi tu, MRI iko mji mkubwa. Je, eksirei ina faida yoyote hapa, au ni kupoteza fedha na kumpa kijana mionzi?

#4 Picha_na_Mfupa

Ina faida, na iwe ya kwanza. Mionzi ya eksirei moja ya fupanyonga ni takriban milisivati 0.6, siti skani ya eneo hilohilo ni kama mara kumi. Siti skani tunaiacha kwa mpasuaji anayepanga kuchonga mfupa, au pale ufa unapohitaji kuonekana kwa undani. Kwa kijana isiwe mlango wa kwanza.

Lakini eksirei ipigwe kwa vipimo, vinginevyo inadanganya. Ya mbele-nyuma: umbali wa sentimita 120, miguu imezungushwa ndani nyuzi 15 (vidole gumba vigusane, visigino viachane), mwale katikati ya mstari wa ncha mbili za mbele za fupanyonga na simfisisi. Picha ikitoka, kagua kabla mgonjwa hajashuka kitandani: ncha ya kitokono iwe mstari mmoja na simfisisi, nafasi kati yao sentimita 1 hadi 3, na matundu mawili ya chini ya fupanyonga yalingane. Fupanyonga likiwa limegeuka au limeinama mbele, ukingo wa kikombe cha nyonga utaonekana umepishana na mwingine, na mtu ataandikiwa ugonjwa wa kikombe kilichofunika kupita kiasi ilhali hana.

Kisha picha ya Dunn ya nyuzi 45: nyonga imekunjwa nyuzi 45, imetanuliwa 20, haijazungushwa. Hapo ndipo unapopima pembe ya alfa kwenye makutano ya kichwa na shingo ya fupapaja. Ikizidi nyuzi 60 kuna nundu ya mfupa hapo. Kwenye ya mbele-nyuma pima pembe ya ukingo wa nje wa kikombe: chini ya 20 kikombe ni kifupi, 25 hadi 40 ni sawa, zaidi ya 40 kimefunika mno. Lakini nundu peke yake si ugonjwa. Makubaliano ya wataalamu ya Warwick ya 2016, kuhusu nyonga inayobanwa na mfupa wa namna hiyo, yanataka vitu vitatu kwa pamoja: dalili, vipimo vya mikono na picha.

Jambo moja linaniumiza hadi leo: kipande cha risasi kinachowekwa kukinga sehemu za siri. Kwa picha hii kinafunika simfisisi, yaani pale tunapotaka kuona. Wanafizikia wa tiba wa Marekani walitoa tamko mwaka 2019 kwamba ukingaji huo uachwe, na Uingereza ikafuata mwaka 2020. Punguzeni eneo la mwale na muda, msifunike.

#5 Mpigapicha_Mwanza

Naongezea hapo, Daktari. Simfisisi ikihisiwa kulegea, piga mchezaji akiwa amesimama mguu mmoja, kisha mguu wa pili, picha mbili tofauti. Mfupa mmoja ukipanda kuliko mwenzake kwa zaidi ya milimita 2, kiungo kimelegea. Kosa la kawaida ni mchezaji kujishikilia stendi na kuegemea, uzito haufiki mguuni. Aguse ukuta kwa vidole tu.

Na eksirei safi isimfariji mtu. Uboho uliojaa maji hauonekani kwenye eksirei hata kidogo.

#6 DaktariWaTimu

Nimeelewa. Sasa MRI. Inatokea mara nyingi: mchezaji anasafiri, analipa, ripoti inarudi "MRI ya fupanyonga: kawaida", na bado hawezi kukimbia. Tatizo liko wapi?

#7 Picha_na_Mfupa

Mara nyingi liko kwenye namna ilivyopigwa. MRI ya kawaida ya fupanyonga imepangwa kutafuta uvimbe wa kizazi au tezi dume: uwanja mpana, vipande vinene. Kano ya adakta longasi inapoota ni ndogo, ipo kwenye kona, na vipande vya milimita 6 vinairuka.

Mpango unaofaa ni huu. Mgonjwa akojoe kabla ya kulala. Kibofu kilichojaa kinamfanya ajinyonganyonge na kinasukuma simfisisi. Koili ya mwili (kipokezi cha ishara za mashine) iwekwe katikati juu ya simfisisi, si juu ya kitovu. Kidonge cha mafuta ya samaki kibandikwe kwa plasta pale anapoonyesha kwa kidole kimoja kwamba ndipo panapouma. Kitang'aa kwenye picha na kumwongoza msomaji.

Anza na uwanja mpana, sentimita 36 hadi 40, vipande vya mbele-nyuma vya T1 (picha inayoonyesha umbile, mafuta yaking'aa) na STIR (picha inayozima mafuta ili maji yang'ae). Hivi vichukue nyonga zote mbili, viungo vya nyuma vya sakramu (mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo), na fupapaja hadi chini ya trokanta ndogo (kinundu cha ndani, juu ya fupapaja). Usivipuuze, ndipo inapoonekana shingo ya fupapaja. Halafu funga uwanja hadi sentimita 18 au 20, vipande vya milimita 3, ukilenga simfisisi: PD (aina nyingine ya picha ya MRI) yenye kuzima mafuta, ya mshazari ikifuata mteremko wa tawi la juu la mfupa wa kinena, na ya upande kutoka kinena hadi kinena. Ya upande ndiyo inayoonyesha vizuri utando unaounganisha rektasi abdominisi (msuli wa mbele wa tumbo) juu na adakta longasi chini, mbele ya mfupa. Wengi huiacha ili kuokoa dakika tano, na huko ndiko jeraha lenyewe linakokaa.

Bendi ya kuzima ishara iwekwe mbele, kwenye mafuta ya tumbo, na mwelekeo wa fezi (upande ambao ukungu wa mwendo husambaa) kwenye vipande vya mshazari uwe kulia-kushoto. Ukiuacha mbele-nyuma, pumzi na utumbo vinapaka ukungu juu ya simfisisi. Gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha) kwa kawaida haihitajiki.

Mashine ya Tesla 1.5 inatosha, 3 ni bora. Kwa wenye mashine ndogo za Tesla 0.3: msijaribu kuzima mafuta kwa masafa, maana kwenye sumaku hiyo mafuta na maji yamekaribiana mno. Tumieni STIR, ongezeni muda, na mkubali kwamba labramu hamtaiona. Uboho uliojaa maji na ufa vitaonekana.

#8 FizioPwani

Daktari, tafadhali fafanua "mpasuko wa pili". Ripoti zinautaja na wachezaji wanadhani mfupa umevunjika.

#9 Picha_na_Mfupa

Ndani ya kisahani cha gegedu cha simfisisi, upande wa juu na nyuma, watu wengi wana mwanya mwembamba wa wima. Huo ndio wa kwanza, ni wa kawaida, usiandikwe kama kasoro. Wa pili ni mstari wa maji unaotoka kwenye simfisisi na kukunja kwenda chini na pembeni, kando ya ukingo wa chini wa mfupa, chini ya mzizi wa adakta longasi na grasilisi (msuli mwingine wa ndani ya paja). Maana yake utando umebanduka kidogo mfupani na maji ya kiungo yamepenya. Si mfupa uliovunjika. Una uzito ukiwa upande uleule unaouma. Ukiwa upande wa pili, au kote kuwili na maumivu ni ya upande mmoja, andika hivyo hivyo. Kuna pia mwenzake wa juu, unaofuata utando kuelekea rektasi.

Kuhusu uboho, maji hafifu chini ya gegedu, pande zote mbili sawasawa, kwa mtu anayecheza soka kila siku, hayana thamani kubwa. Yakienea mbele hadi nyuma na upande mmoja ukizidi, yana thamani. Ukiona mstari mweusi ndani ya maji hayo kwenye T1, huo ni ufa wa uchovu wa mfupa, na mazungumzo yanabadilika.

Angalizo kwa wanaosoma picha za vijana na wanariadha wa masafa marefu: uboho mwekundu ni mwingi kwao na hung'aa kiasi kwenye STIR. Linganisha na msuli kwenye T1. Uboho mzima, hata mwekundu, unang'aa kuliko msuli. Ukiwa mweusi kama msuli au zaidi, tafuta sababu.

#10 Sauti_ya_Probu

Wakuu, altrasaundi imesahaulika na ndiyo iliyo karibu na watu. Kwa mfereji wa kinena hakuna kipimo kinachoishinda, kwa sababu unaona kitu kikisogea.

Tumia probu (kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi) bapa ya megahezi 10 hadi 15. Anzia kwenye ukingo wa nje wa rektasi, tafuta mshipa wa epigastriki wa chini, ufuate hadi unapotoka kwenye mshipa mkubwa wa iliaki. Huo ndio alama yako. Kinachotoka nje yake na kushuka mferejini ni ngiri isiyo ya moja kwa moja. Kinachosukuma kutoka ndani yake, upande wa katikati ya mwili, ni ya moja kwa moja. Shuka chini ya kano ya kinena, ndani ya vena ya paja, utafute ngiri ya paja.

Mwambie asukume tumbo taratibu kwa sekunde kadhaa. Kikohozi ni cha haraka mno na probu inaruka. Utajuaje amesukuma vya kutosha? Vena ya paja itavimba. Isipovimba, kipimo hakijafanyika. Rudia akiwa amesimama. Kosa kubwa la wanaoanza ni kukandamiza probu: unaizuia ngiri kwa mkono wako mwenyewe kisha unaandika "hakuna".

Ukuta wa nyuma kubetuka kidogo bila kitu kupita ni jambo la kawaida kwa wanamichezo wasioumwa. Tafadhali msiuite ngiri.

Kwa adakta: mchezaji alale chali, goti limekunjwa, paja limeanguka nje. Probu ifuate urefu wa kano hadi mfupani. Kano inaposhuka kwa pembe huonekana nyeusi hata ikiwa nzima. Inamisha kisigino cha probu hadi mwale uingie wima. Weusi usioondoka kwa kuinamisha ndio wa kweli.

Iliopsoasi inayogonga: mkunje nyonga, itanue, izungushe nje, kisha anyooshe mguu polepole huku probu iko juu ya ukingo wa kikombe. Kano itaonekana ikiruka, na mgonjwa atasema "hapo hapo".

Isichoweza altrasaundi: ndani ya mfupa na ndani ya kiungo. Altrasaundi safi haijaondoa ufa wa shingo ya fupapaja.

#11 Kocha_wa_Nyanda

Habari zenu. Huku Bonde la Ufa tuna wakimbiaji wa mbio ndefu, sio soka. Mkimbiaji akisema kinena kinamuuma mbele akikanyaga chini, sisi makocha tufanye nini kabla hajafika hospitali?

#12 Picha_na_Mfupa

Kocha, swali lako ni zito kuliko yote humu. Mkimbiaji wa masafa marefu, hasa aliyeongeza kilomita karibuni, au msichana ambaye hedhi imekatika, anayeumwa kinena akibeba uzito: mchukulie kama ana ufa wa shingo ya fupapaja hadi ithibitishwe vinginevyo. Asimamishwe siku hiyohiyo. Asijaribiwe kuruka mguu mmoja ili "tuone". Apewe magongo.

Eksirei katika wiki mbili tatu za kwanza mara nyingi ni safi. Aombewe MRI ya haraka. Vipande vya mbele-nyuma vya STIR na T1 vya nyonga zote mbili vinatosha kujibu. Ufa wa upande wa chini na ndani wa shingo ni wa mkandamizo. Ukiwa chini ya nusu ya upana wa shingo, kwa kawaida unatibiwa kwa kutokanyagia na kufuatiliwa. Wa upande wa juu na nje ni wa mvutano: huo hufunguka, na ukifunguka kichwa cha fupapaja kinakosa damu. Ripoti yake isisubiri kuchapwa, daktari wa mifupa apigiwe simu mgonjwa akiwa bado pale.

Pasipo na MRI: magongo, eksirei irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, na mipango ya rufaa ianze sasa, isisubiri eksirei ya pili.

Mkimbiaji huyohuyo anaweza kuwa na ufa wa tawi la mfupa wa kinena. Huo hupona kwa kupumzika, ila hauwezi kutofautishwa kwa kushika tu. Na penye ufa wowote, ulaji na homoni vikaguliwe. Mfupa unaopasuka bila kuanguka mara nyingi haulishwi vya kutosha.

#13 Mama_Kliniki

Naomba nitaje mambo mawili ambayo kwetu Afrika Mashariki hayapaswi kukosekana. La kwanza ni selimundu. Kijana anayecheza, ana maumivu ya kinena ya miezi, anachechemea: kichwa cha fupapaja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu. Mwanzoni eksirei ni safi. MRI huonyesha mstari unaozunguka kipande kilichokufa. Nyonga zote mbili zipigwe hata kama inauma moja. Mwulizeni hali yake ya selimundu kabla ya kumpeleka kwa fizio.

La pili ni watoto wa miaka 10 hadi 16. Kichwa cha fupapaja kinaweza kuteleza kwenye sahani ya ukuaji, na maumivu yakaja kinena, paja au hata goti. Eksirei ya mbele-nyuma pekee inaweza kuukosa mtelezo mdogo. Lazima iwepo ya mguu wa chura (goti limekunjwa, paja limeanguka nje), isipokuwa mtoto hawezi kabisa kukanyagia, hapo msimgeuze kwa nguvu, pigeni ya kupitia ubavu. Chora mstari juu ya shingo ya fupapaja: usipokata sehemu ya kichwa, kimeteleza. Hakuna kutembea tena, ni kitanda cha magurudumu.

#14 Mpigapicha_Mwanza

Sawa kabisa, Mama. Hapo hapo kwa vijana: misuli hung'oa vipande vya mfupa kabla sahani hazijafunga. Sartoriasi kwenye ncha ya juu ya mbele ya fupanyonga, rektasi femorisi kwenye ncha ya chini yake, iliopsoasi kwenye trokanta ndogo. Mtu mzima akikutwa trokanta ndogo imeng'oka bila ajali ya maana, tafuteni saratani iliyosambaa.

#15 DaktariWaTimu

Hapo nimepata zaidi ya nilichouliza. Swali la mwisho: MRI inaonyesha nundu, labramu imechanika, na maji kwenye simfisisi, na mikononi kila kitu kinauma. Tunatenganishaje?

#16 Sauti_ya_Probu

Sindano ya uchunguzi, Daktari. Kwa kuongozwa na altrasaundi, ganzi mililita 5 hadi 10 ndani ya kiungo cha nyonga. Kabla ya sindano mchezaji afanye kile kinachomuumiza na akipe alama kati ya 0 na 10. Arudie kilekile baada ya dakika 15 hadi 30. Maumivu yakishuka sana, nyonga inahusika. Yasiposhuka, acheni labramu ipumzike mwende kwenye simfisisi na adakta. Ropivakeini inapendekezwa kuliko bupivakeini, ambayo huua zaidi chembe za gegedu.

Kosa la kawaida ni kuchanganya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwenye sindano hiyo ya kwanza. Jibu linachafuka, na kwa mchezaji wa mashindano kuna jingine: tangu tarehe 1 Januari 2022, WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni) inakataza sindano zote za steroidi hizo wakati wa mashindano, ikiwemo ya ndani ya kiungo. Muda wa kusubiri hutofautiana kwa dawa, na triamsinoloni hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Angalieni jedwali lao kabla sindano haijafunguliwa.

#17 FizioPwani

Na picha ya kurudia? Makocha huidai ili kumruhusu mchezaji.

#18 Picha_na_Mfupa

Kwa adakta na simfisisi, hapana. Maji ya uboho hubaki miezi mtu akiwa ameshapona na anacheza. Pimeni nguvu za kubana kwa kifaa, maumivu yakiwa 0 hadi 2, kisha mbio za kunyooka, kisha kukata kona, kisha mashuti. Kwa ufa wa shingo ya fupapaja picha ya kurudia ni sehemu ya ufuatiliaji, tena ipigwe mashine ileile kwa mpango uleule, na CD ya kwanza ifike na mgonjwa. STIR za mashine mbili tofauti hazilinganishwi kwa macho.